Kuizunguka Unguja kwa Gari Siku Tano: Mwongozo Kamili kwa Hesabu ya Maji

Malalamiko ni yale yale. Mtu kakodi gari, kalala Paje siku mbili, na picha alizorudi nazo ni za mchanga mtupu na mashua zilizolala ubavu. Mwingine kaagiza chumba Jambiani ili aangalie jua likizama baharini, na jioni likazama nyuma ya jiko la hoteli. Wa tatu kaona kwenye ramani kwamba Chwaka na Michamvi zinatazamana, akapanga nusu saa ya kuvuka, akafika Chwaka na kukuta ghuba: hakuna daraja.

Wote hao walipanga safari kwa kilomita. Kilomita si tatizo hapa. Kisiwa kizima kina urefu wa kilomita 85 hivi. Kinachoamua kama utaiona bahari au utauona mchanga ni saa ya maji, na kinachoamua kama utafika salama ni saa ya jua. Mwongozo huu unakwenda kwa saa hizo mbili.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuondoka

- Kitambulisho halisi, si picha ya simu. Utakihitaji kwenye boti, na ndicho kitakachokupa bei ya Mtanzania kwenye msitu wa Jozani na majumba ya kale.
- Leseni halisi ya udereva. Mwenye leseni ya nje hukatiwa kibali cha muda cha kuendesha Zanzibar, na kwa kawaida anayekodisha gari ndiye anayekifuatilia. Mtumie nakala siku moja kabla. Mwenye leseni ya Bara amwonyeshe mwenye gari kabla ya kulipa chochote.
- Pesa taslimu za noti ndogo. Mashine nyingi za pesa ziko mjini. Shamba, yaani nje ya mji, utalipa mkononi au kwa simu.
- Ramani iliyopakuliwa kwenye simu, na chaja ya gari.
- Viatu vya kuingilia majini. Kwenye miamba ya pwani ya mashariki kuna vidudu vyenye miiba mirefu myeusi, na mwiba wake ukivunjikia mguuni safari imekwisha.
- Kanga au shuka, na nguo ya kufunika mabega na magoti. Nguo za kuogelea ni za ufukweni tu. Kijijini, dukani na sheli unavaa.

Gari lako liache Dar es Salaam. Boti za kasi hazichukui magari, na kwa siku tano taratibu za kulisafirisha na kulipitisha bandarini haziingii akilini.

## Hatua ya 1: Tafuta tarehe ya maji kabla ya tarehe ya chumba

Hii ndiyo hatua wanayoiruka wote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa kuna bamvu: maji hujaa sana na hupwa sana, tofauti ya kiasi cha mita nne. Katikati yake, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu: hayapandi sana wala hayashuki sana.

Habari njema ni kwamba huhitaji chombo chochote. Tazama tarehe ya mwezi wa Kiislamu kwenye kalenda ya ukutani:

- Tarehe 1 na 15 (bamvu): maji hupwa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, hujaa kati ya saa 10 na saa 11 jioni.
- Tarehe 8 na 22 (maji mafu): hujaa kiasi cha saa 4 asubuhi, hupwa kiasi cha saa 10 jioni.

Siku za katikati ongeza dakika 50 kwa kila siku. Tarehe 17, kwa mfano, kujaa kwa jioni kumeshasogea karibu na saa 12 na nusu, wakati jua linazama. Kalenda ikipishana kwa siku moja na mwandamo haidhuru. Hesabu hii ni ya kupangia safari, haishindi jedwali la maji la simu wala neno la mvuvi wa pale pale.

Ushauri wangu: vuka bahari tarehe 13 ya mwezi wa Kiislamu. Siku zako za pwani ya mashariki zitaangukia tarehe 15 na 16. Asubuhi maji yamepwa, nawe uko barabarani au unatembea kwenye mashamba ya mwani. Jioni maji yamekuja mpaka kwenye ngazi za hoteli, nawe unaoga. Na usiku una mbalamwezi. Mwenye watoto wadogo achague maji mafu badala yake, kwa kuwa bahari haikimbii mbali na mkondo ni mpole. Yeye ataogelea asubuhi na kuendesha mchana.

Tahadhari mbili za msimu. Masika, yaani Machi hadi Mei, mvua hukaa siku nzima na njia za vumbi za kuingilia hotelini hugeuka madimbwi. Na Ramadhani usije na mpango wa kula njiani mchana: mikahawa ya vijijini hufungwa, na kula hadharani hapa ni kukosa adabu kubwa.

Hatua hii imekamilika ukiwa na karatasi yenye siku tano, na mbele ya kila siku saa ya kujaa na saa ya kupwa. Hapo ndipo unapopiga simu hotelini.

## Hatua ya 2: Chagua pwani kwa unachokitaka

Mashariki (Matemwe, Kiwengwa, Uroa, Paje, Jambiani) ni pwani ya macheo. Maji yakipwa yanaweza kurudi nyuma kilomita moja na zaidi, hadi kwenye mwamba ambako mawimbi yanavunjika.

Kaskazini (Nungwi na Kendwa) maji hayaendi mbali, unaogelea karibu saa zote. Machweo yako Kendwa na upande wa magharibi wa Nungwi.

Ukitaka machweo na bado ulale kusini-mashariki, pahali ni pamoja tu: Michamvi Kae, upande wa rasi unaoitazama ghuba ya Chwaka. Pingwe iko upande wa pili wa rasi hiyo hiyo na inatazama macheo. Wanaochanganya hivi viwili ni wengi kuliko wanavyokiri.

Kwa mpango huu: usiku wa kwanza mjini, wa pili Nungwi au Kendwa, wa tatu na wa nne Paje au Jambiani, wa tano mjini tena. Kipindi cha kusi, Juni hadi Septemba, upepo wa Paje hauna masihara. Wacheza tiara za majini wanaufurahia, mwenye kitabu na mkeka hatafurahi. Jambiani hupata upepo huo huo lakini haina kelele nyingi.

## Hatua ya 3: Siku ya kwanza, mjini bila gari

Usichukue gari siku ya kwanza. Mji Mkongwe ni wa miguu. Vichochoro vingi haviruhusu hata punda na mkokoteni wake kupishana na mtu mnene. Utalilipia gari lisimame.

Teremka Malindi, tafuta chumba, tembea: Mkunazini kwenye kanisa lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, Ngome Kongwe, Darajani kwa viungo na matunda. Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, utaiona kwa nje. Sehemu yake iliporomoka Disemba 2020. Jioni Forodhani, bustani ya ufukweni wanakouza vyakula. Uliza bei ya kila mshikaki kabla haujawekwa kwenye sahani. Mie ningekula urojo kwanza, kwenye bakuli, nikiwa nimekaa, ndipo nikaangalie samaki wa Forodhani.

## Hatua ya 4: Kulipokea gari

Liagize liletwe ulipolala saa 2 asubuhi ya siku ya pili. Gari dogo lenye kimo, mfano wa Suzuki Escudo au RAV4, linatosha kabisa. Barabara kuu ni lami. Kinachohitaji kimo ni zile mita mia chache za mwisho za mawe ya matumbawe, ambayo ni makali na hukata tairi ubavuni.

Mkague mwenye gari kabla hajakukagua wewe:

1. Karatasi. Bima hai, nakala ya kadi ya gari, na mkataba wenye jina lako kama dereva. Uliza kama ni bima kubwa au ndogo, na ukigonga ni kiasi gani kitatoka mfukoni mwako. Jibu liandikwe kwenye mkataba.
2. Tairi la spea. Lishushe, usilitazame tu. Libonyeze kwa kidole gumba, pitisha mkono upande wa ndani ambao hauonekani. Spea nyingi huku ni matairi yaliyostaafu.
3. Jeki na spana ya magurudumu. Ifunge spana kwenye nati moja uone kama inaingia. Jeki bila spana ya saizi yake ni chuma tu.
4. Pembetatu ya tahadhari na kizima moto. Askari ataviuliza.
5. Taa, breki, honi, waipa, hendibreki.
6. Video. Zunguka gari zima ukirekodi, mwenye gari akisikika anazungumza. Rekodi kila mkwaruzo, vioo, dashibodi yenye kilomita na kiwango cha mafuta.

Ukiona mwenye gari anakuharakisha kwenye namba 2 na 3, hiyo ni sababu tosha ya kutafuta gari jingine. Ukimaliza uwe na mkataba mkononi na namba mbili za simu: ya mwenye gari na ya fundi wake.

Kabla hujatoka mjini, ingia sheli ujaze. Vituo vya mafuta shamba vipo lakini ni vichache. Nje ya mji, ukifika nusu tangi jaza, usingoje taa iwake.

Mambo ya barabarani, kwa ufupi. Tunaendesha kushoto. Ndani ya vijiji ni kilomita 50 kwa saa, na hapa kijiji huanza pale unapoona watoto wa skuli, si pale unapoona kibao. Daladala husimama popote abiria alipopiga hodi kwenye bodi. Vizuizi vya polisi ni vingi: punguza mwendo, shusha kioo, salimia, toa leseni. Ukikutwa na kosa, omba namba ya malipo ya serikali na risiti. Pesa mkononi usitoe. Ijumaa, kuanzia saa 6 na nusu hadi saa 7 na nusu mchana, magari huegeshwa pande zote za barabara karibu na misikiti, kwa hiyo pita polepole au pumzika.

Na usiendeshe usiku. Jua huzama kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasorobo kutegemea mwezi, na baada ya hapo barabara ya shamba ina baskeli zisizo na taa, ng'ombe wasio na mwenyewe, na wazee wanaotoka msikitini wamevaa kanzu. Ukiacha jioni ya siku ya nne, kila siku ya mpango huu inakufikisha kabla ya saa 10.

## Hatua ya 5: Siku ya pili, kwenda kaskazini

Toka mjini kwa barabara ya Mtoni. Magofu ya Maruhubi yako mkono wa kushoto kilomita chache tu kutoka mjini. Ni jumba la Sultani Barghash la mwaka 1882 lililoungua 1899. Nguzo zake nene bado zimesimama. Dakika ishirini zinatosha. Mtoni, mbele kidogo, ndipo alipozaliwa Bibi Salme, binti wa Sultani Said.

Bububu kunja kulia, kilomita nne hivi hadi hamamu (bafu la kale) ya Kidichi ya mwaka 1850. Mashamba ya viungo yamezunguka eneo lote hilo hadi Kizimbani. Kubaliana bei ya kutembezwa kabla hujashuka garini. Ukishamaliza kunusa karafuu na kuonjeshwa matunda utaona aibu kubishana, na wao wanalijua hilo.

Rudi Bububu. Ukishika barabara ya pwani kupitia Chuini unakwenda Mangapwani, kwenye pango la matumbawe na shimo walimofichwa watumwa baada ya masoko kufungwa mwaka 1873. Ngazi zina utelezi na ndani hamna hewa nyingi, mwenye kifua asishuke. Kisha shika barabara kuu: Mahonda, Kinyasini, Mkwajuni, Nungwi. Moja kwa moja kutoka mjini ni kilomita 60 hivi. Kwa vituo hivi hesabu muda wa saa tano.

Nungwi, kabla ya kuoga, nenda kwa waunda majahazi. Fundi anachukua uzi wa pamba uliochovywa mafuta, anaushindilia kwenye maungio ya mbao kwa patasi butu na nyundo, tak-tak-tak, mpaka mwanya wenye upana wa ukucha unapotea. Hiyo ndiyo kalafati. Ukisimama kimya robo saa utaona amesogea kiasi cha mkono mmoja. Salimia kwanza, omba ruhusa ya picha, na ukipewa, acha chochote.

Gari liegeshe mbali na minazi. Nazi moja ikidondokea kioo, mkataba wote utausoma upya.

## Hatua ya 6: Siku ya tatu, kutoka Nungwi hadi Paje

Siku ndefu kuliko zote, kwa hiyo ondoka saa 2 na nusu.

Rudi Mkwajuni hadi Kinyasini, kunja kushoto kuingia Kiwengwa. Kutoka hapo barabara inafuata pwani: Pongwe, Uroa, Marumbi, Chwaka. Ukiwa kwenye bamvu, saa 4 na nusu utakuta bahari imeondoka, na wanawake na vijana wametawanyika mbali juu ya mwamba wakitafuta pweza kwa fimbo. Simama Uroa au Pongwe uangalie. Chwaka, mnada wa samaki ukiukuta umefunguliwa, utajua mchana utakula nini.

Sasa lile kosa la ramani. Michamvi unaiona ng'ambo ya ghuba, lakini gari halivuki. Shika barabara ya ndani: Dunga (magofu ya jumba la Mwinyi Mkuu, mtawala wa kale wa Unguja, yako hapo, dakika kumi), Koani, kunja kushoto hadi Jumbi, tena kushoto kwa barabara kuu ya kusini: Tunguu, Jozani, Kitogani, Paje. Usirudi mjini, foleni ya Mwanakwerekwe itakula muda uliouokoa asubuhi yote.

Jozani leo pita tu, taratibu. Matuta yaliyopo barabarani yaliwekwa kwa sababu kima punju, yaani kima wekundu wa Zanzibar, walikuwa wakigongwa, na bado wanavuka.

Ukifika Paje kwenye saa 9 mambo yamekwenda sawa: maji yanapanda, umeoga vumbi, saa 10 uko baharini.

## Hatua ya 7: Siku ya nne, kaa ulipo

Gari lipumzike mpaka mchana. Maji yakiwa yanaondoka, kama saa 3 asubuhi, vaa viatu, utembee hadi mashamba ya mwani. Kilimo hiki kilianza hapa kibiashara mwaka 1989, na wanaokifanya ni wanawake zaidi. Kamba zimefungwa kwenye vijiti vifupi, mafungu ya mwani yamening'inia. Pita pembeni, usizivuke kamba. Kila fungu unalolikanyaga ni kazi ya mtu. Ukimkuta mama ameinama, "shikamoo" kwanza, maswali baadaye.

Tahadhari kubwa ya siku hii iwe ni hii: maji hayarudi kutoka mbele peke yake. Hujaza kwanza mikondo iliyo nyuma yako. Mara tu unapoona maji yanatembea kuelekea pwani, geuka. Usisubiri yakufike magotini.

Mchana endesha Bwejuu, Dongwe hadi Pingwe. Mgahawa ulio juu ya mwamba pale unafikiwa kwa miguu maji yakipwa na kwa kimashua yakijaa. Meza huagizwa mapema. Kisha vuka upande wa Michamvi Kae kwa machweo. Hapa una chaguo mbili: uondoke kabla jua halijazama kabisa, au ulipe dereva wa kijijini akurudishe. Kuna wanaosema kilomita hizo chache za giza hazina neno. Mimi sisemi hivyo.

Gari usiliingize ufukweni hata ukiona alama za magurudumu ya wengine. Mchanga ni laini, na maji ya bamvu hayamsubiri mtu wa kukuvuta.

## Hatua ya 8: Siku ya tano, Makunduchi, Kizimkazi, Jozani

Ondoka saa 2. Fuata pwani kupitia Jambiani hadi Makunduchi. Mwezi wa Julai, siku ya Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi, mji huu hujaa watu. Kama si hiyo unayoijia, pita mapema.

Kizimkazi Dimbani kuna msikiti wenye maandishi ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107. Nje unaonekana msikiti wa kawaida wa kijijini wenye bati. Mtafute mwangalizi, vua viatu, mwanamke ajifunike kichwa, na sadaka kidogo iingie kwenye sanduku. Pomboo ni jambo la alfajiri. Ukipanda boti mwambie nahodha kabla hamjaondoka kwamba hamtaki kuwafukuza wala kuwarukia.

Rudi juu hadi Kitogani, kisha Jozani. Ingia na mwongozaji, kaa mbali na kima kiasi cha mita tatu, usiwape chakula. Njia ya mbao kwenye mikoko imo ndani ya tiketi hiyo hiyo. Wengi huiacha kwa uchovu, na huko ndiko kwenye kivuli kizuri.

Lengo ni kuwa njiani kuelekea mjini saa 8 mchana.

## Hatua ya 9: Kurudisha gari

Jaza mafuta kwa kiwango kile kile cha video yako, si zaidi. Lipeleke gari kuoshwa: chumvi na mchanga huficha mikwaruzo, na gari chafu humpa mwenye gari nafasi ya "kuikumbuka" mingine kesho yake. Piga video ya pili, mzunguko ule ule, yeye akiwepo. Kama kuna mkwaruzo mpya, uzungumzwe hapo hapo kwa mujibu wa mkataba.

Amana yako ipokee kabla hujatoa ufunguo, na aandike kwenye mkataba kwamba gari limepokewa salama, kwa tarehe, saa na sahihi. Boti iwe ya kesho yake asubuhi. Ukikata ya jioni ile ile, pancha moja tu ya Tunguu itakufanya uipungie mkono kutoka Malindi.